Oreksini: ramani inayosingiziwa

Tangu oreksini, peptidi ya ubongo, itangazwe mwaka 1998, ramani yake katika ubongo wa panya, inayochorwa kwa kupaka seli rangi kwa antibodi, imebebeshwa madai ambayo haina uwezo wa kuyabeba.

La kwanza: antibodi ikitia rangi, peptidi ipo. Si lazima. Antibodi hushika umbo, na peptidi mbili zinaweza kufanana kipande. Katika haipothalamasi, eneo la ubongo zilimo seli za oreksini, antibodi za peptidi iitwayo alfa-MSH ziliwahi kupaka rangi seli ambazo baadaye zilibainika kuwa za peptidi nyingine, MCH. Wengi hujitetea kwamba waliichanganya antibodi na peptidi yake kwanza, na rangi ikatoweka. Hilo linathibitisha tu kuwa inaishika peptidi hiyo. Haliondoi uwezekano kwamba ndani ya ubongo imeshika na nyingine. Mimi ningedai kipande cha ubongo wa panya aliyeondolewa jeni ya oreksini. Rangi ikibaki hapo, antibodi itupwe.

La pili: seli isiyo na rangi haitengenezi peptidi. Peptidi husafirishwa kwenye aksoni, hivyo mwili wa seli unaweza kubaki karibu mtupu. Ndiyo maana watafiti walizoea kudunga kolchisini ili kuzuia safari hiyo. Ila kolchisini ni sumu. Huisumbua seli hata ikabadili inachotengeneza. Ramani ya namna hiyo isomwe sambamba na ile ya RNA ya peptidi hiyo.

La tatu ndilo lililoenea zaidi: oreksini ni ya njaa. Kweli, kundi la Sakurai na Yanagisawa, kule Dallas, liliidunga kwenye ubongo wa panya nao wakala zaidi. Tena seli zake, elfu chache tu, zimo pembeni mwa haipothalamasi, mahali palipokwisha kuitwa kituo cha kula. Lakini zifuate nyuzi zake. Mwaka huohuo 1998 Christelle Peyron na wenzake walizikuta karibu ubongo mzima, zikiwa zimesongamana mno kwenye lokusi seruleusi, ambayo noradrenalini yake hutuweka macho. Mwaka 1999 panya wasio na jeni hiyo wakaonekana kuwa na narkolepsia, ugonjwa wa kusinzia ghafla. Mwaka 2000 bongo za wagonjwa wa narkolepsia waliofariki zikakutwa zimepoteza sehemu kubwa ya seli hizo. Na suvorexant, dawa inayoziba vipokezi vyote viwili vya oreksini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa ajili ya wanaokosa usingizi.