Anayemhudumia mzee hamwiti mchawi

Katika baadhi ya vijiji vya Kaunti ya Kilifi, mvi ni jambo la kuogopesha. Si kwa anayeziona tu, bali hata kwa mwenye nazo. Wako wazee huko Ganze, Magarini na Kaloleni wanaopaka nywele zao rangi nyeusi, si kwa ajili ya urembo, bali kwa kuhofia maisha yao. Kichwa cheupe, ambacho kwa wahenga kilikuwa alama ya hekima, siku hizi kinaweza kumletea mtu panga usiku wa manane.

Msomaji wa mjini amezizoea habari hizi. Mzee amevamiwa nyumbani kwake, amekatwakatwa, na sababu inayotajwa ni uchawi. Lakini ukiuliza zaidi, mara nyingi utaukuta mzozo wa shamba. Mzee ndiye mwenye ardhi, naye hataki iuzwe. Vijana wana haraka. Njia ya mkato ni kumpachika jina la mchawi, kisha kijiji kizima kinanyamaza.

Mengi yameandikwa kuhusu wauaji na wanaouawa. Leo napenda kuzungumza kuhusu kundi la tatu ambalo halitajwi sana, nalo ni la wale wanaoishi na wazee na kuwahudumia siku baada ya siku. Kwa maoni yangu, kazi hiyo inamlipa mhudumu kitu kisichopatikana katika mshahara wowote. Zaidi ya hayo, naamini kuwa ndiyo dawa iliyo karibu zaidi ya maradhi haya ya kuwaogopa wazee.

Kule Ganze kipo kituo kiitwacho Kaya Godoma. Kiliwekwa na chama cha utamaduni cha Malindi, kinachojulikana kwa kifupi kama MADCA, ili kuwahifadhi wazee waliotuhumiwa uchawi na kutishiwa kuuawa. Wanaokimbilia mahali kama hapo si lazima wawe wakiwa wala tasa. Wapo wenye watoto na wajukuu. Tatizo ni kwamba wengine wanawakimbia watoto na wajukuu hao hao.

Mimi mwenyewe niliingia katika kazi ya kuhudumia wazee bila ya kupenda. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne na sina kazi. Jirani yetu mmoja akaniambia kuwa nyumba fulani ndogo ya wazee hapa Pwani ilihitaji kijana wa kuchota maji, kufua mashuka na kuwasaidia wasioweza kujiinua. Nikaenda kwa nia ya kukaa miezi mitatu.

Nilimkuta bikizee mmoja ambaye kila mtu alimwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama. Macho yake yalikuwa mekundu kama makaa. Usiku alizungumza peke yake, na mara nyingine alitoka kitandani akaenda mlangoni gizani. Nililelewa katika kijiji ambako mtoto hukatazwa kupokea chakula kutoka kwa mtu wa namna hiyo. Basi wiki ya kwanza nilikuwa nikimwekea sahani mlangoni na kuondoka mbio.

Muuguzi aliyekuwa akitutembelea aliliona jambo hilo. Hakunigombeza. Alinipa kitambaa safi na bakuli la maji yaliyochemshwa yakapoa, akaniambia, "Wewe ndiye utakayemwosha macho kila asubuhi." Sikuwa na la kujibu.

Asubuhi ya kwanza mikono yangu ilitetemeka. Asubuhi ya tano Hawe aliniuliza jina la babu yangu. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimejua kwamba wekundu wa macho yake ulitokana na moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha kwa zaidi ya miaka 50, macho yake yatakosaje kuwa mekundu? Jicho moja lilikuwa pia na mtoto wa jicho, ugonjwa ambao hutibika kwa upasuaji mdogo. Kumbe nilichokuwa nikikiogopa kilikuwa ni kazi aliyowafanyia watoto wake.

Kuhusu maongezi ya usiku, muuguzi alinieleza habari za dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaompotezea mtu kumbukumbu kidogo kidogo. Duniani kote wako zaidi ya watu milioni 55 wenye ugonjwa huu. Mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa zaidi jua linapotua, akatangatanga, akamwita mtu aliyekufa zamani. Hawe alikuwa akimwita mwanawe aliyefariki akiwa mdogo. Alikuwa akienda mlangoni kumfungulia.

Ndugu msomaji, jiulize ni wazee wangapi waliotuhumiwa "kuwanga" kwa sababu tu walionekana wakitembea nje usiku bila kujua waendako. Macho mekundu, kusema peke yake, kutangatanga, mgongo uliopinda na kusahau majina ya watu ni mambo ambayo mganga wa kienyeji asiye mwaminifu huyatumia kama ushahidi. Daktari huyaona kuwa ni dalili za maradhi. Tofauti kati ya wawili hao inaweza kuwa uhai wa mtu.

Hii ndiyo faida ya kwanza ya kuwahudumia wazee: inaondoa hofu. Hotuba za machifu na mabango ya barabarani yana kazi yake, lakini ni vigumu hotuba kumtoa mtu hofu aliyonyonya utotoni. Kumwosha mzee miguu kunaweza. Huwezi kumkata mtu kucha, kumlisha uji kwa kijiko, kumsikia akikushukuru, kisha ukaamini kwamba usiku anaruka kwa ungo.

Faida ya pili ni ujuzi wa afya, ambao utamfaa mhudumu na jamaa zake maisha yake yote. Nilijifunza kuwa mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anapaswa kugeuzwa takriban kila saa mbili, la sivyo atapata vidonda vya kulalia, na vidonda hivyo vinaweza kumwua. Nilijifunza kuwa mwili unapozeeka hisia ya kiu hupungua, hivyo mzee hasubiriwi aombe maji, anapewa. Katika joto la Malindi jambo hili si dogo. Nilijifunza pia kwamba mzee aliyekuwa na akili timamu jana na leo anaweweseka ghafla si wa kupelekewa mganga wa kupunga. Apelekwe hospitali upesi, maana huenda ana malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini.

Faida ya tatu ni elimu isiyofundishwa darasani. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Tunajivunia sana heshima hiyo. Lakini ni nani anayejua mti gani haukatwi na kwa nini? Ni nani anayejua mpangilio wa ngoma ya kifudu? Ni hao hao wazee. Jioni moja ya kumsikiliza mzee anayekumbuka vizuri ina thamani kuliko vitabu kadhaa, na mzee naye hupata nafuu. Mtu aliyekaa wiki nzima bila kuulizwa neno husinyaa kama mmea usiotiwa maji. Akiulizwa, uso hurudi.

Hapa inafaa tumkumbuke Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 mwanamke huyu mjane, ambaye hakuwa kijana tena, aliwazungukia Wagiriama kwa ngoma ya kifudu akiwahimiza kukataa kodi na kazi za kulazimishwa za serikali ya Waingereza. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa na kupelekwa magharibi mwa Kenya, nao wakatoroka na kurejea Pwani kwa miguu. Leo sanamu yake imesimama mjini Malindi. Lakini je, mwanamke wa umri wake, mjane, mwenye sauti na asiyeogopa watu, akitokea leo katika baadhi ya vijiji vile vile, nani atamhakikishia usalama wake?

Sisemi kwamba kazi hii ni rahisi. Mgongo huuma. Yako mashuka ambayo mtu hataki kuyafua kabla ya chai ya asubuhi. Wako wazee wakali, na wako wanaokutukana leo na kesho hawakumbuki. Malipo, pale yanapokuwepo, ni haba. Kubwa kuliko yote, utampenda mtu kisha utamzika. Hawe alifariki mwaka wa pili wa kazi yangu. Siku zake za mwisho alidhani mimi ndiye yule mwanawe. Sikumkatalia. Mpaka leo sijapata malipo yanayofika pale.

Watakuwepo watakaosema kuwa nyumba za wazee ni mambo ya Wazungu na kwamba Mwafrika humtunza mzazi wake nyumbani. Nakubaliana nao kwa sehemu. Mahali pema pa mzee ni kwake, kati ya watu wake. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, inatamka kuwa wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Jamaa ndio waliotajwa kwanza. Lakini pale ambapo panga limetoka ndani ya boma lenyewe, kumrudisha mzee huko kwa jina la mila ni kumpeleka machinjoni. Isitoshe, jambo hili si geni kwetu. Zanzibar, ambayo ni Waswahili wenzetu, ina makao ya wazee ya Serikali kule Sebleni na Welezo, na hakuna anayesema kuwa Wazanzibari wameacha Uswahili.

Kuna jambo jingine linalonishangaza. Siku hizi vijana wetu wengi wanajifunza kazi ya kuwahudumia wazee ili wapate visa za kwenda kuwatunza wazee wa Ulaya na nchi za Ghuba. Siwalaumu, riziki ni popote. Lakini tukubali kwamba kuna kasoro mahali. Kijana wa Kilifi anajua namna ya kumgeuza mgonjwa wa Ujerumani kitandani, na huku nyanya yake mwenyewe analala na nguo za kutokea kwa hofu ya kuvamiwa.

Hao hao Wazungu wana mambo ya kuiga. Katika mji wa Deventer, Uholanzi, nyumba ya wazee ya Humanitas huwapa wanafunzi wa vyuo vyumba bila ya kodi. Nao hutoa saa 30 kila mwezi za kukaa na wazee kama majirani wema: kula pamoja, kupiga gumzo, kuwafundisha kompyuta. Hapa kwetu vyuo vipo Kilifi na Malindi, na wanafunzi wanahangaika na kodi za vyumba kila muhula. Je, serikali ya kaunti na vyuo hivyo haviwezi kuketi pamoja na kulifikiria jambo kama hili?

Kwa upande wa Serikali kuu, ule mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi ni wa kupongezwa. Hata hivyo fedha hizo hazitoshi, na wala haziwezi kumgeuza mzee kitandani. Anahitajika mtu. Wahudumu wa nyumba za hifadhi walipwe posho ya kueleweka, wafunzwe na wauguzi, na wapewe vyeti. Na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wafundishwe kuitambua dimenshia, waieleze kijijini kabla mganga hajaieleza kwa njia yake.

Nawe msomaji uliye mjini, usidhani kuwa jambo hili halikuhusu kwa kuwa unaishi Nyali au Nairobi. Ukienda nyumbani likizo ijayo, usimpe mzee wako noti tu na kuondoka. Keti naye. Mtazame macho, na kama yana ukungu mpeleke kwa daktari wa macho. Uliza kama jikoni kwake moshi una pa kutokea. Mkate kucha mwenyewe, mbele ya watoto wako na mbele ya majirani, ili wote waone kwamba mzee huyu anaguswa na kupendwa. Mzee anayeonekana ana watu hutuhumiwa kwa shida.

Na ukimjua kijana aliyekaa bure baada ya mitihani, mpeleke kwenye nyumba ya wazee akajitolee miezi mitatu. Mwambie ataanza kwa kufua mashuka na kuosha macho yaliyowekundu. Mengine atafundishwa na wazee wenyewe.