Mjenzi Apimwe Baada ya Masika

Mnunuzi wa nyumba mpya Dar es Salaam asiangalie bei na eneo tu; ampime na mjenzi. Ghorofa lililoporomoka katikati ya jiji tarehe 29 Machi 2013 liliua zaidi ya watu 30.

Ili kujua daraja la mjenzi, aanzie Bodi ya Usajili wa Makandarasi, inayowapanga makandarasi wa majengo katika madaraja 7, la kwanza likiwa la juu.

Kisha azitembelee nyumba ambazo mjenzi huyohuyo alikwisha kuzikabidhi, hasa baada ya masika. Rangi ikibabuka chini ya ukuta, huenda unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Bafuni amwage ndoo ya maji: yakituama kwenye kona, fundi hakuweka mwinamo. Mkataba nao utaje nani atarekebisha nyufa, na kwa muda gani.