Nani anapewa kuwa Maria? Swali nyuma ya filme ya Noeli ya Coventry

Filme ya kuchekesha Nativity! ilitoka Uingereza mwaka 2009, na mpaka leo watu kule wanairudilia wakati wa Noeli. Iliongozwa na Debbie Isitt. Habari yake ni nyepesi: Paul Maddens (Martin Freeman), mwalimu wa masomo ya msingi ya Kikatoliki mu mji wa Coventry, anapewa kazi ya kutayarisha mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. Kuko shule ya binafsi ya watoto wa matajiri, na kila mwaka mchezo wao njo unasifiwa mu gazeti. Kwa kujitetea, Maddens anadanganya kwamba watu wa Hollywood wanakuja kupiga mchezo wake filme. Uongo unaenea mji muzima, na hana tena namna ya kuurudisha.

Nguvu ya filme ni watoto. Isitt alichukua watoto wa kawaida wa masomo ya eneo hilo, na hakuwapa maneno ya kukariri. Kwa hiyo wanasema kama watoto wanavyosema, na darasa linafanana na mji. Coventry ni mji wa viwanda vya magari, uliovuta Wairlandi, watu wa Punjab, watu wa Karibe na baadaye Waafrika. Mu sensa ya 2021, karibu mtu mmoja kwa watatu hakujiandikisha kuwa mweupe. Mu filme mtoto mweusi anaimba, anakosea, anachekesha, na hakuna anayesimama kueleza sababu ya yeye kuwa pale. Hilo si jambo dogo. Mu michezo ya Noeli ya Ulaya, mara nyingi nafasi ya mtoto mweusi ilijulikana mbele: mfalme Baltazari. Wachoraji wa Ulaya njo walimfanya mweusi karne nyingi zilizopita. Injili ya Matayo haitaji rangi, haisemi hata kama walikuwa watatu.

Lakini ukiangalia wakubwa, hesabu inabadilika. Mwalimu, direkta (Pam Ferris), msaidizi Poppy (Marc Wootton), mpinzani (Jason Watkins), mchumba wa zamani (Ashley Jensen): wote weupe. Habari inafuata mioyo yao, watoto wanabaki kama kwaya. Ni kama ile mikutano ambako kila kabila iko ku picha, lakini mikro inazunguka mu mikono ya watu wale wale. Upande wa mali, kinyume, filme inaona vizuri: watoto wa masomo ya maskini wamezoea kupewa alama ya chini, na wakubwa wameanza kuona ni kawaida.

Filme ya ine, Nativity Rocks! ya 2018, inajaribu kwenda mbali zaidi. Humo kuko Doru, mtoto mkimbizi kutoka Siria aliyeachana na baba yake njiani. Coventry inajua vita: mabomu ya Wajerumani yalibomoa kanisa lake kuu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, na ni mu mabomoko hayo ambamo watoto wa filme ya kwanza wanacheza mchezo wao wa mwisho. Mji huo ulipokea kweli Wasiria wengi. Wakongomani nao walipelekwa Uingereza kwa mpango wa Gateway, ulioanza mwaka 2004, kwa hiyo familia za Kivu zenye ndugu kule zitamutambua Doru haraka.

Taabu ni kwamba mukimbizi anapata jina na habari yake mwenyewe, lakini habari hiyo ni kilio tu. Anaonekana juu ya kile alichopoteza. Watoto wa 2009 hawakupewa habari, lakini walipewa uhuru wa kuwa wajeuri na kusahau maneno mbele ya watu. Doru angestahili vyote viwili, na waandishi hawakufika pale.

Mu masomo ya Goma, Bunia ao Uvira, walimu wengi wana watoto waliokimbia vita, wanaokaa nyuma ya darasa na lafuzi ya kwingine. Kugawa nafasi kunaanza majuma machache mbele ya Noeli: nani Maria, nani Yosefu, na nani atafanywa tena kondoo.