Moshi wa Tunduma Unatoka Kwenye Malori

Nimechoka kusikia kwamba magari ya umeme yakishaenea, hewa ya miji yetu itakuwa safi. Vijiweni linasemwa hivyo, redioni hivyo hivyo.

Sisi wa Itumba tukienda Tunduma tunapita Isongole na kutokea Mpemba, kwenye barabara kuu ya Zambia. Hapo ndipo msafara wa malori unapoanza kukupokea. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2019, lakini foleni bado tunaijua. Dereva hazimi injini, kwa sababu foleni husogea hatua mbili, ikasimama, ikasogea tena. Dizeli inaungua huku lori limesimama, na moshi unaishia kifuani mwa mama lishe anayepika kando ya barabara, naye akipikia mkaa. Gari dogo la umeme likipita pembeni yake litampunguzia nini?

Tazama pia malori yale yamebeba nini. Yanayotoka Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam hubeba shaba, na kobalti pia imepita njia hiyo miaka mingi. Kongo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, na madini hayo huingia kwenye betri za magari ya umeme. Hewa inayosafishwa Ulaya imeanza safari yake kwa kuchafua ya Tunduma. Hili linaniuma, na sioni likitajwa.

Gari la umeme halitoi moshi, sibishi. Umeme wetu nao unatoka zaidi kwenye maji na gesi. Bwawa la Nyerere peke yake limejengwa kwa megawati 2,115. Bajaji za umeme zitawasaidia wanaoshinda stendi. Ila vumbi la matairi na la barabara halijali injini ni ya aina gani, na mkaa bado unawaka katika nyumba nyingi. Serikali yenyewe, katika mkakati wa 2024, imejiwekea hadi 2034 kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia.

Reli ya TAZARA imepita Tunduma tangu miaka ya 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na shaba ni mzigo wa reli. Basi fedha za kusafisha hewa ya Tunduma ziende kwanza kwenye mabehewa na vichwa vya treni, na kwenye jiko la yule mama, kabla mtu hajaniletea ramani ya vituo vya kuchajia magari.