SUV Ndogo Isitufumbe Midomo

Wenzangu wengi husema, "Nikimaliza chuo, gari la kwanza ni SUV ndogo. Barabara mbovu za kwetu nitakuwa nimemalizana nazo." Kauli hii inachekesha, lakini ina sumu ndani yake. Naipinga, na naipinga nikiwa mpenzi wa magari, si adui yake.

Mimi na kaka yangu tunamiliki Toyota RAV4 ya milango mitatu, ya kizazi kile cha kwanza kilichotoka Japani mwaka 1994. Ni gari tamu. Injini ni ya lita 2, bodi ni fupi, na magurudumu yote manne huvuta muda wote. Mvua ikinyesha Ludara na udongo mwekundu ukageuka sabuni, unaondoka kwa gia ya pili, mguu mwepesi kwenye mafuta, usukani umenyooka, nalo linapanda mlima polepole bila kulalamika. Apendaye kuendesha anaijua raha hiyo, nami siikani. Ninachokataa ni kuigeuza raha ya mtu mmoja kuwa dawa ya barabara za wilaya nzima.

Kwanza, tusilipe gari hili sifa lisizo nazo. Kuvuta kwa magurudumu manne hukusaidia kuondoka, hakukusaidii kusimama. Kwenye utelezi, SUV ikipiga breki inategemea matairi manne tu, sawa na Premio. Tena kwa kuwa imeinuka, huyumba zaidi kwenye kona. Na mashimo hayaangalii aina ya gari: yanakula shokapu, yanakula bushi, yanakula matairi. Ukinunua gari la juu, shimo bado lipo palepale. Tofauti ni kwamba sasa unalilipia gereji.

Pili, itazameni barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kilomita 92, iliyotiwa lami katika muongo uliopita kwa fedha za Benki ya Dunia. Leo basi, Premio iliyojaa abiria, boda boda na mkulima mwenye gunia la mihogo juu ya baiskeli wote wanapita humo. Barabara ya Koboko–Yumbe–Moyo, yenye zaidi ya kilomita 100, iliendelea kusubiri lami miaka mingi baada ya hiyo. Lami ikifika humfaa kila mtu, hata anayetembea kwa miguu. SUV humfaa aliyeshika ufunguo.

Tatu, wanaoamini kwamba gari imara linatosha wakumbuke Karuma. Daraja lile la mwaka 1963 lilifungwa Septemba 2024 ili litengenezwe, na wasafiri wa West Nile wakazunguka kupitia Masindi na mbuga ya Murchison. Hakuna SUV, ndogo wala kubwa, iliyoruka Mto Nile. Kila gari, hata la tajiri, hutembea juu ya kitu kilichojengwa kwa mali ya umma.

Najua nitaulizwa: je, mgonjwa wa usiku? Bila gari kama letu angefika vipi hospitali? Swali ni la haki. Gari letu limewahi kumbeba mama mjamzito kwenda Koboko, na tungefanya hivyo tena leo. Lakini hebu tufikiri: usalama wa mama huyo ulitegemea kwamba usiku ule gari lilikuwa nyumbani na lilikuwa na mafuta. Tungekuwa safarini, angepanda boda boda kwenye matope yaleyale. Wala tusidhani kwamba kila nyumba itapata gari lake. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2018, gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Magari ya zamani ya bei nafuu kama letu hayaji tena.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Wanaonunua SUV hizi ni walimu, wafanyabiashara, maofisa na kesho sisi wahitimu, yaani watu ambao wakisema hadharani husikilizwa. Kabla ya gari, walipiga kelele kuhusu makalvati yaliyosombwa na mitaro iliyoziba. Baada ya gari, wanapandisha vioo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyekaa juu ya matairi makubwa hulisahau shimo upesi.

Kwa hiyo, wenzangu, nunueni SUV mkiweza. Iendesheni vizuri, ifurahieni. Lakini siku ya kikao cha bajeti cha kaunti ndogo, liegesheni nje, ingieni ndani, mkaulize fedha za barabara zimekwenda wapi, greda lilipita lini, na kalvati lile litarudishwa lini. Walimu wetu nao watusaidie kwa kutufundisha kuuliza maswali hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila aliyemo kikaoni. Msomi aliyenunua gari la juu ili asilazimike kuuliza amewaacha majirani zake kwenye matope.