Jina la Wazee na Habari Zake



Msimu huu wa korosho alitujia msikitini baba mmoja kijana wa hapa Chiwata. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, siku ya saba ilikaribia, na nyumba ilikuwa haijaafikiana juu ya jina. Mjomba wa mama aliomba mtoto aitwe Athumani, jina la marehemu kaka yake. Mama alitaka jina alilolisikia katika tamthilia. Alihofu kwamba Athumani ni jina la kishamba na mwanawe angechekwa shuleni.

Hatukumlaumu mama huyo, kwani hofu ya mzazi ni sehemu ya mapenzi yake. Lakini tulimkumbusha kuwa Athumani ni Uthman bin Affan (RA), khalifa wa tatu, aliyeoa mabinti wawili wa Mtume (SAW), mmoja baada ya kufariki mwenzake. Ndimi za wazee wetu zililainisha jina hilo, kama zilivyofanya Sulayman kuwa Selemani na Abubakar kuwa Bakari. Anayeliona hilo kuwa ni ujinga asahihishe fikra zake. Ni ushahidi kwamba majina ya masahaba na mitume yamekaa vinywani mwetu kwa vizazi vingi.

Hata hivyo, ukongwe peke yake si hoja. Wazee hao hao walitoa pia majina ya Shida, Tabu na Mashaka. Mtume (SAW) alibadilisha majina yenye maana mbaya. Mwanamke aliyeitwa Aasiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Upya nao si dhambi: Qur'ani inatueleza kwamba Yahya (AS) alipewa jina ambalo hakupewa mtu kabla yake. Mizani ni maana njema.

Kwa wazee wanaotaka majina yao yahuishwe, tuna neno moja. Jina bila habari za mwenyewe ni mzigo kwa mtoto. Tulimwomba mjomba yule aketi na mpwa wake amsimulie Athumani alikuwa nani. Ndipo mama alipojua kwamba marehemu, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, alikuwa akiwafundisha watoto wa jirani Juzuu Amma chini ya mkorosho wake, bila ujira. Hakuna aliyekuwa amemweleza hayo. Alikuwa akiombwa kulipokea jina tupu.

Jambo la mwisho ni la maandishi. Sisi makatibu huandika barua nyingi za utambulisho kwa watu wazima ambao cheti kimoja kinasema Athumani, kingine Othman, na cha tatu Asumani. Mzazi achague tahajia moja, na iwe hiyo hiyo kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na daftari la shule. Heshima ya jina ni pamoja na kuliandika vizuri.

Siku ya saba mtoto alinyolewa, wakachinjwa mbuzi wawili wa akika. Imamu alipouliza jina, mjomba alinyamaza na baba akamtazama mkewe. Mama ndiye aliyejibu: Athumani.

Allah amjaalie awe mtoto mwema, na atuwafikishe sote.