Hesabu za Mbingu si za Matajiri Peke Yao

Wako wenzetu hapa Arua wasemao kwamba kuuchunguza ulimwengu kwa kompyuta ni kazi ya mataifa tajiri, nasi haituhusu. Mimi naona sivyo.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi zilizokusanyika pamoja, akaona zinakwenda mbio mno. Uzito wa nyota zionekanazo haukutosha kuzizuia zisitawanyike. Wataalamu wengi wasadiki kuwa pana kitu kisichoonekana, maada ya giza, kinachozidi maada ya kawaida mara tano hivi.

Kisichoonekana hakipigwi picha, bali chaweza kupigiwa hesabu. Mwaka 2005 wataalamu wa kundi la Virgo walitangaza hesabu iitwayo Millennium, yenye chembe zaidi ya bilioni 10 zikivutana kwa kanuni ya mvuto. Mwanzo zilienea karibu sawasawa. Palipozidi kidogo pakavuta nyingine, hata ukatokea utando wa nyuzi, na penye makutano ya nyuzi yakawa makundi makubwa ya galaksi. Koboko nayo ni mji wa makutano, penye njia za Arua, Yei na Kongo. Utando huo ulipolinganishwa na ramani za galaksi zilizopimwa kwa darubini, ulifanana nazo sana.

Lakini kazi hii haikuanza kwa kompyuta. Mwaka 1941, huko Lund, Uswidi, Erik Holmberg alipanga taa 74 mfano wa galaksi mbili. Kwa kuwa nuru hupungua kwa umbali kama mvuto upunguavyo, aliipima nuru, akajua kila taa isogezwe wapi. Alikuwa na taa, kipimo cha nuru, na subira.

Basi mwanafunzi wa Koboko ataanzaje? Achore nukta tatu karatasini, atumie kanuni ya Newton, apige hesabu ya hatua ya kwanza, kisha ya pili. Kompyuta hufanya hayo hayo kwa upesi. Akiendelea, Chuo Kikuu cha Muni hapa Arua hufundisha kompyuta, na cha Mbarara elimu ya nyota.

Nanyi ndugu mliotutangulia, mkiuliza zawadi ipi itaifaa shule, mimi nasema: kompyuta moja, hata kuukuu, na mtu wa kutuongoza jioni. Haba na haba hujaza kibaba. Hata galaksi zilianza hivyo.